Meli Haimngoji Mkwe

Mke wa kinyozi, enzi za uhai wake, alikuwa na kazi ya kuwauzia watu bahari. Alikaa nyuma ya meza katika ofisi ya wakala wa safari, ofisi nyembamba iliyobanwa kati ya duka la miwani na duka la magodoro, na nyuma ya kichwa chake ilining'inia picha ya meli nyeupe yenye ghorofa juu ya ghorofa, kama hoteli iliyochoka kukaa nchi kavu. Wateja walikuja, wakachagua chumba chenye roshani au kisicho na dirisha, wakaenda zao, wakarudi wameiva kwa jua. Na kwa kuwa alikuwa na sikio la kusikiliza, walimsimulia kila kitu: aliyetapika, aliyepotea, aliyenenepa, aliyegombana na mumewe ghorofa ya tisa na kupatana ghorofa ya nne.

Kwa hiyo alizijua meli za starehe kama jiko lake, ingawa hakuwahi kukanyaga hata moja.

Jioni, mumewe akishafunga kibanda chake cha kunyolea na kurudi nyumbani, mke alimkalisha kwenye kigoda jikoni, akamfunga taulo shingoni na kumnyoa. Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi, na huyu wa kwetu hakutaka kichwa chake kiguswe na mwingine yeyote. Alikuwa akimnyoa huku akimpa somo. "Siku tukienda, nguo ya usiku wa kwanza iwe kwenye mkoba wa mkononi, maana masanduku huchelewa kufika chumbani. Dawa pia, usithubutu kuziweka sandukuni. Ukichafukwa na moyo, usijifungie chumbani, toka nje ukaangalie pale bahari inapokutana na mbingu. Na mkishuka bandarini, fuata saa ya meli. Simu ina kiherehere, inabadilisha saa bila kukuuliza."

"Tutakapokwenda," kinyozi alikuwa akijibu, kichwa kimeinama, "wewe utaangalia saa, mimi nitaangalia chakula."

Ikafika siku ofisi ikampa yeye na mumewe nafasi ya watu wawili kwenye meli kubwa kabisa, chumba cha kifahari chenye sebule na roshani, kuwa shukrani ya utumishi wake mrefu. Alicheka mpaka akalia. Lakini wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshaingia nyumbani, na ugonjwa ule haukuwa wa kubisha hodi mara mbili. Tarehe ya safari ilipokaribia, mwenyewe alikuwa ameshazikwa.

Kinyozi alitaka kuirudisha nafasi ile. Alikuwa ameinua simu kuwapigia ofisini, ikalia yenyewe mkononi. Alikuwa mama mkwe.

Huyu mama alikuwa mwendeshaji wa simu kwenye mtambo wa zamani, ule wa kuchomeka nyaya, mpaka alipostaafu. Sauti yake ilikuwa bado ya kazini: safi, iliyonyooka, isiyoruhusu laini kukatika.

"Nasikia unarudisha safari ya mwanangu."

"Mama, nitakwenda na nani?"

"Mwanangu ameikalia kiti miaka yote ile, hairudishwi ofisini. Nimeshawauliza ofisini kwao, jina linabadilishika. Nitakwenda mimi."

Kinyozi aliihamishia simu sikio la pili. "Na mimi, mama?"

"Wewe jina lako si lipo? Au unataka nikabebe sanduku peke yangu kwa umri huu?"

Hivyo ndivyo mtu na mama mkwe wake walivyopanda meli ya fungate.

Tusimcheke kinyozi kwa kuogopa. Hofu yake ilikuwa na mzizi. Mkewe alipojua anaumwa nini, alimshika mkono akamwambia, "Mama asijue. Nitamwambia mwenyewe wakati ukifika." Naye akakaa na siri ile mdomoni kama maji ya moto. Kila Jumapili walikwenda kula kwa mama, na kila Jumapili alimtazama yule mama machoni akamwambia mkewe ana uchovu tu wa kazi. Mama aliambiwa mwishoni, wakati hata vipofu walikuwa wanaona. Kwenye msiba alimkumbatia mkwewe sawasawa, lakini hakusema neno. Kinyozi aliuchukua ukimya ule kuwa ndio hukumu. Tangu hapo alimwamkia kwa simu, akamuuliza hali, akakata kabla mazungumzo hayajapata miguu.

Tangu siku ile pia hakunyolewa. Nywele zilisimama zikafanya msitu, ndevu zikafuata zilikotaka.

Siku ya kupanda, masanduku yao yalipokelewa gatini na kuondoka kwenye mkanda, wao wakapita kwenye ukaguzi, wakapigwa picha, wakapewa kadi zilizokuwa funguo na kitambulisho kwa pamoja. Ndani, sakafu iling'aa hata mama akainua miguu kama anavuka dimbwi. Lifti ilikuwa ya kioo. Mhudumu wa chumba chao, kijana mrefu mwenye tabasamu lililopigwa pasi, aliwafungulia mlango akasema, "Karibuni sana. Tumewatandikia kama maharusi."

Kitandani palikuwa na taulo mbili zilizokunjwa zikawa bata wawili wakibusiana, na maua yametawanywa pande zote.

Kinyozi aliangalia dari. Mama mkwe aliwaangalia wale bata kwa muda, kisha akamgeukia mhudumu.

"Mwanangu," alisema, "huyu ni mkwe wangu."

Kijana akawa mdogo kuliko viatu vyake. Aliomba radhi, akawavunja wale bata, akawa anaokota maua moja moja huku masikio yanawaka. Vyumba vingine vilikuwa vimejaa, lakini kochi la sebuleni lilikuwa linavutika likawa kitanda, na kati ya sebule na chumba cha kulala palikuwa na mlango wa kusukuma. Ikaamuliwa: mama ndani, kinyozi sebuleni.

Tatizo lilikuwa bafu. Bafu lilikuwa la marumaru, lina maji ya moto yasiyoisha, lina vichupa vya manukato vimepangwa kama askari, na mlango wake ulikuwa ndani, chumbani kwa mama. Mkwe atapitaje pale na taulo? Kinyozi hakutaka hata kulifikiria. Kila alfajiri alichukua kifurushi chake akapanda lifti kwenda kuoga kwenye ukumbi wa mazoezi, akirudi amevaa kamili mpaka soksi. Wahudumu wa kule wakamzoea. Walidhani ni mwanamichezo.

Usiku wa kwanza masanduku yalichelewa, kama marehemu alivyosema. Mama alifungua mkoba wake, mkoba mkubwa mweusi unaoweza kumeza paka, akatoa gauni la rangi ya zambarau lisilo na kunyanzi. "Mwanangu aliniambia," alisema. Kinyozi naye aliambiwa, tena mara nyingi, lakini alikuwa ameingia na fulana ya safari tu. Akaenda nayo kwenye chumba cha chakula, kati ya watu waliovaa suti na vito, akaketi kama kunguru aliyealikwa kwa njiwa.

Mezani kwao alikaa bibi mmoja mjane aliyekuwa amesafiri kwa meli mara nyingi hata wapishi walimjua. Kila mlo alikuja na kofia nyingine, na mama mkwe, ambaye hakukawia kumpa mtu jina, akamwita Bibi Kofia.

"Na wewe, baba, unafanya kazi gani?" Bibi Kofia aliuliza.

"Ni kinyozi," mama mkwe alijibu kwa niaba yake.

Meza nzima ikamtazama kichwani. Mtu mmoja aliomba apitishiwe mkate.

Kesho yake kulikuwa na zoezi la uokoaji. King'ora kililia, watu wakakusanyika kwenye vituo vyao wakifundishwa kuvaa majaketi ya kuokolea na boti lao ni lipi. Mama alilivaa la kwake juu ya gauni, akafunga kamba zote, akajaribu filimbi kwa pumzi ya mtu aliyelala vizuri. Abiria wawili walimwaga vinywaji vyao. "Sasa nimehakikisha," alisema. Kinyozi akajikuta amecheka, kisha akashtuka, kama mtu aliyekamatwa anakula msibani.

Halafu bahari ikabadilika. Mawimbi hayakuwa ya kutisha, lakini meli ilianza kupanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na kwa kinyozi hilo lilitosha. Alijifungia sebuleni, akalala kifudifudi kwenye kochi, akijua kabisa hilo ndilo jambo aliloambiwa asifanye. Mlango wa kusukuma ukafunguka.

"Inuka."

"Mama, niache tu."

"Nimesema inuka. Unataka mwanangu anitokee ndotoni aniulize?"

Alimtoa mpaka sitaha ya katikati, chini, ambako meli haiyumbi sana, akamkalisha kwenye kiti, akamwonyesha ule mstari wa mbali. Bibi Kofia alipita, akaona, akaenda akarudi na matufaha ya kijani kutoka jikoni. "Kipande kidogo kidogo," alisema, "na usisome chochote, hata simu." Mama mkwe akamenya. Kinyozi alikula kipande, akashika mfuko wa karatasi, akautumia. Kutapika mbele ya mama mkwe! Aliona heri bahari imfunike. Lakini mama aliuchukua ule mfuko, akaufunga mdomo wake, akampa kipande kingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakakaa hivyo mchana wote, wanautazama mstari mmoja.

Siku iliyofuata meli ilitia nanga katika mji wa bandari, bahari imetulia kama maziwa. Kabla ya kushuka, spika zilitangaza saa ya mwisho ya kurudi, zikasisitiza: saa ya meli, si ya mji. Wakati huo kinyozi alikuwa anahangaika na kamba ya kiatu. Mama alikuwa ameivua saa yake ya mkononi akaifungia kwenye sefu ya chumbani pamoja na pasipoti, kwa kuogopa vibaka. "Wewe si una simu?" alisema.

Walizunguka mjini bila haraka. Ulikuwa mji wa ngazi nyingi na nguo zilizoanikwa kati ya madirisha. Kwenye kona moja kinyozi alisimama ghafla. Kulikuwa na kinyozi mwenzake: duka la viti viwili, kioo chenye ufa, mashine zimetundikwa kwenye misumari, harufu ya sabuni na spiriti. Alikuwa anatazama tu, kama mwashi atazamavyo ukuta wa mwenzake. Mama mkwe alimtazama yeye.

"Ingia."

"Hapana mama, naangalia tu."

"Mwanangu hakuniachia msitu, aliniachia mkwe. Ingia."

Mwenye duka alikuwa mzee mnene mwenye shati jeupe. Hawakuwa na lugha moja, lakini vinyozi hawahitaji maneno mengi. Mzee alikipima kile kichwa kwa macho, akavuta pumzi ya mtu aliyeonyeshwa shamba la kufyeka, akafunga kitambaa. Mashine ikaanza kunguruma. Nywele zikawa zinaanguka mapajani, nyeusi na nyeupe. Kinyozi hakujua kuwa zina nyeupe nyingi kiasi kile.

Alivumilia vizuri. Kisha mzee alifika kisogoni, na ili akiguse vizuri, akaweka vidole viwili juu ya utosi na kukiinamisha kichwa mbele, polepole, kama mtu anayefunga kifuniko cha sanduku la thamani.

Hivyo hivyo. Vidole viwili, polepole, kwenye kigoda cha jikoni.

Kinyozi alilia. Hakulia kwenye mazishi, alikuwa anahesabu viti vya wageni. Hakulia nyumbani, kwani nyumba ilikuwa kimya mno na aliogopa sauti yake. Alilia pale, chini ya kitambaa cha mtu asiyemjua, mabega yakitikisika. Mzee alizima mashine. Hakuuliza. Alilikamua taulo la moto, akakilaza kiti nyuma, akamfunika uso mzima, kisha akachukua ufagio akaanza kufagia duka lililokuwa safi. Akafagia, akafagia. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, jarida mkononi, amelishika juu chini.

Walipotoka, jua lilikuwa limeinama na kinyozi alihisi upepo kwenye masikio. Alitazama simu. "Tuna muda wa kutosha," alisema, na walikaa wakanywa kitu baridi kwenye meza za barabarani, wakapumzisha magoti ya mama, kisha wakateremka bandarini mdogo mdogo.

Gatini palikuwa wazi. Pale palipokuwa na ukuta mweupe wa ghorofa na madirisha palikuwa na maji tu, na mbali kidogo, ikiwapa mgongo, meli yao ilikuwa inakwenda zake, moshi juu, muziki unasikika.

Kinyozi alitazama simu tena. Ndipo alipoelewa: ilikuwa imejirudisha nyuma kwa saa nzima kufuata mji, bila kumuuliza, kwa kiherehere chake.

"Imeondoka," alisema.

"Naiona," alisema mama mkwe. "Si ndogo."

Mtu mwenye koti la kung'aa alikuja akiwapungia. Alikuwa wakala wa meli pale bandarini, na mkononi alikuwa na pasipoti zao. Wasipoonekana watu, alieleza, mhudumu wa chumba hufungua sefu mbele ya ofisa na kuziteremsha, ili walioachwa waweze kuifuata meli kwa njia nyingine. "Wengi wanadhani meli itawangoja," alisema bila ubaya. "Meli haimngoji mtu. Kesho mchana itakuwa bandari ya pili. Basi la asubuhi litawafikisha."

Akawaonyesha nyumba ya wageni karibu na kituo cha mabasi. Mama alikuwa na dawa zake za shinikizo la damu ndani ya ule mkoba mweusi, pamoja na sabuni, khanga, biskuti, na mswaki mpya ambao haujafunguliwa, huo akampa mkwewe. Palikuwa na vyumba viwili vidogo, kila kimoja na bafu lake, bomba linadondoka na kioo kimepauka. Kinyozi alijifungia, akaoga mpaka vidole vikakunjamana. Tangu safari ianze hakuwa amepata anasa kama ile.

Asubuhi kwenye basi walikaa viti vya pamoja, mama dirishani. Basi lilipanda vilima, bahari ikitokea na kupotea. Kinyozi alikuwa amelala na maneno tumboni, na sasa yakawa yanapanda.

"Mama, nisamehe kwa hili la meli."

"Meli ni chuma, mwanangu. Chuma kinafuatwa kwa basi."

"Kuna na jingine." Alitazama mikono yake. "Lile la mwanao. Kwamba nilijua, na kila Jumapili nikawa…"

"Ulikuwa unaniambia amechoka kwa kazi," mama alimalizia. "Najua. Nilijua kabla yako."

Kinyozi alimgeukia.

"Alinipigia akiwa bado mlangoni kwa daktari," mama alisema. Alikuwa anaangalia nje. "Hakuwa amesema neno. Mimi nimekaa na vipokea sauti masikioni nusu ya umri wangu. Mtu akivuta pumzi tu, najua kama ni simu ya harusi au ya msiba. Nikamwambia, sema. Akasema. Halafu akaniapisha. Akaniambia, mume wangu nitamwomba asikuambie, na wewe usimwonyeshe kuwa unajua. Nikamuuliza, mwanangu, mchezo gani huu? Akasema…" Sauti ile iliyonyooka ilipinda kidogo, akaisubiri inyooke. "Akasema, mkijuana mtaanza kukimbiliana kulia nyinyi wawili, na mimi nitabaki nawatuliza. Nataka yeye alie kwangu. Na kwako nataka nije nilale kwenye kochi lako kama mtoto, mtu asinitazame kama mgonjwa."

Basi lilisimama, likapakia watu, likaondoka. Kinyozi alikuwa anaziona Jumapili zile, moja baada ya nyingine: mama akipakua, mke akisinzia kwenye kochi na viatu vyake, yeye akisifia chakula asichokionja.

"Kwa hiyo tulikuwa tunajua sote watatu," alisema.

"Sote watatu. Na kila mmoja anamwambia mwenzake ongeza mboga."

Haikuwa ya kuchekesha, lakini kicheko kilimtoka, kikatoka na machozi, na mama naye akashika mdomo, mabega yakicheza. Abiria wa mbele aligeuka, akaona watu wazima wawili wanacheka huku wanalia, akageukia mbele tena kwa adabu.

"Lakini baada ya msiba, mama? Mbona hukuniambia? Mimi nilidhani umenihukumu."

"Nilimwahidi. Na hakusema ahadi inaisha lini." Alifungua mkoba, akafunga. "Na nilikuwa naogopa. Nilidhani wewe ndiye utakayenihukumu. Nilikuona unavyokonda, nguo zinakupwaya, umebeba mzigo ule peke yako, na mimi ningeweza kukushika upande mmoja kwa neno moja tu. Nikakaa kimya nikawa nakujazia sahani. Ndiyo maana nilipiga simu siku ile ya safari. Nilisema nikikaa naye kwenye chombo kimoja, hatakuwa na pa kukatia simu."

Kinyozi aliuchukua ule mkoba mweusi kutoka mapajani kwa mama, maana ulikuwa mzito, akauweka mapajani kwake. Mama akaegemeza kichwa kwenye dirisha na baada ya kilima kimoja au viwili akawa anakoroma.

Waliikuta meli imefungwa gatini katika mji mwingine, nyeupe na tulivu kama haijamfanyia mtu kitu. Mhudumu wao alikuwa amesimama juu ya ngazi, akapiga makofi alipowaona. Bibi Kofia, leo kofia ya majani makavu, aliwakumbatia wote wawili. "Hongereni," alisema. "Msafiri ambaye hajaachwa na meli bado ni mgeni." Kisha akarudi nyuma hatua moja, akamtazama kinyozi kichwani, akasema kumbe chini ya ule msitu kulikuwa na mtu.

Chumbani mama alivua viatu, akasimama mbele ya mlango wa kusukuma.

"Na kingine," alisema. "Uache kwenda kuoga kwa wanamichezo. Lile bafu ni lako pia. Ukitaka kupita, kohoa. Nikiwa sijavaa nitakohoa mimi."

Tangu siku hiyo chumba kile kilikuwa cha vikohozi asubuhi na jioni, mhudumu akawaletea asali akidhani wamepata mafua.

Siku ya mwisho ilikuwa ya baharini, hakuna bandari. Watu wengi walikuwa wanafungasha, kwa sababu masanduku yanatakiwa yawekwe nje ya milango mapema. Mama alikwenda kwenye duka la meli, akarudi na suruali ndefu ya kuogelea na blauzi yake, nyeusi zote mbili. Alisema anataka kuingia bwawani. Maisha yake yote maji hayakuwahi kumpita magoti.

"Mimi nikushike, mama?" kinyozi aliuliza, na aibu ya zamani ikampitia.

"Ulidhani nakuomba unitazame?"

Bwawa lilikuwa karibu tupu. Kinyozi aliingia kwanza, kaptura na fulana, maji kifuani. Mama alishuka ngazi ya chuma akitazama nyuma, mguu mmoja, kisha mwingine, akisema na Mungu kwa sauti ya chini. Alipofika kipandio cha mwisho akasita. Kinyozi akanyoosha mikono yote miwili.

"Ukiniachia," mama alisema, "nitakupigia filimbi."

"Sikuachii."

Akaiacha ngazi. Maji yalimpokea, blauzi ikavimba kama puto, akapiga ukelele uliomfanya mlinzi wa bwawa ainuke kwenye kiti. Kisha akanyamaza. Miguu yake ilikuwa imeinuka yenyewe kutoka chini, na uso wake, uso ule wa mtu wa kupokea habari mbaya bila kutingishika, ukawa wa mtoto aliyeonyeshwa kitu.

"Nimekuwa mwepesi," alisema.

Kinyozi alimvuta taratibu, akirudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka upande wa pili wa bwawa, kisha wakageuka, mama akasema tena, na wakaenda tena.